Kitufe Kiko Voi

Saiba ya Musyimi, chumba cha kukodisha kompyuta na intaneti, ilikuwa pale Rukanga, chini ya mlima Kasigau, katika jengo moja na kinu cha kusaga mahindi. Ukuta wa mabati uliotenganisha biashara hizo mbili haukufika darini, kwa hiyo unga ulivuka na kutua juu ya kila kitu. Kila asubuhi Musyimi alikipangusa kipakatalishi chake kwa fulana kuukuu kabla ya kukifungua. Kilikuwa kidogo, upana wa sahani ya wali, na alikipata katika mnada wa shirika lililofunga ofisi zake na kuondoka. Herufi W ilikuwa imeng'oka. Mahali pake Musyimi alibandika punje ya mahindi, na punje ikafanya kazi.

Mteja wa kwanza siku hiyo alikuwa Penina, mama yake Wakio. Aliketi kwenye stuli, akabana kati ya magoti kikapu cha mkonge alichokuwa akisuka.

"Leo itakubali?" aliuliza.

"Tujaribu, mama Wakio. Jana ilikataa, lakini hata punda huamka siku moja na tabia nzuri."

Wakio alikuwa Ghuba, huko Uarabuni, akifanya kazi za nyumbani kwa watu. Pasipoti yake ilifungiwa kabatini na mwajiri, na yeye mwenyewe alifungiwa katika chumba cha mashine ya kufulia. Alikuwa na homa isiyoshuka, na hakuna aliyempeleka hospitali. Simu aliificha ndani ya pakiti ya sabuni, na kwayo alimrekodia mama yake maneno mafupi kwa kunong'ona. Ujumbe wa mwisho ulisema: "Mama, watu wa ofisi wako huku. Wameniambia ombi likithibitishwa kutoka nyumbani, siku hiyohiyo wanakuja kunifungulia mlango. Wewe thibitisha tu. Sina nguvu lakini nangoja."

Penina alikuwa ameusikiliza ujumbe huo mpaka anajua mahali Wakio alipovuta pumzi.

Ombi lilitumwa kwa kompyuta peke yake, simu zilikataliwa. Tena, likishafunguliwa katika mashine moja, halikufunguka katika nyingine yoyote mpaka limalizike. Musyimi alikuwa amelifungua bila kulijua hilo. Alijaza majina, kijiji, namba ya pasipoti, akabonyeza mwisho wa ukurasa, na kidirisha cha kijivu kikachipuka katikati ya skrini. Juu yake pameandikwa: UTHIBITISHO WA KUMREJESHA MFANYAKAZI NYUMBANI. Chini ya maneno hayo yalianza masharti. Masharti yaliteremka, yakafika ukingo wa skrini, yakaendelea kuteremka kusikoonekana. Kitufe cha kuthibitisha kilikuwa huko chini.

Musyimi alikuwa amejaribu kila alilolijua. Alipunguza maandishi mpaka yakawa kama mayai ya chawa, kitufe hakikupanda. Aliigeuza picha ya skrini ikalala ubavu, yeye na Penina wakasoma wakiwa wamepinda shingo. Kitufe kikahamia upande mwingine na kujificha palepale. Alikikamata kidirisha kwa kichwa akajaribu kukivuta juu. Kikagota, kama ng'ombe aliyefika mwisho wa kamba. Kubonyeza bila kuona hakuthubutu. Mwaka uliopita alibonyeza hivyo kwa ombi la mtu mwingine, na kilichobonyezeka kilikuwa Ghairi.

Alipiga simu ofisini Voi, kwenye tawi la ofisi inayoendesha mfumo wa maombi hayo. Aliyepokea aliitwa Tom, mwenye sauti ya mtu aliyeshiba vizuri.

"Kwangu inatoshea, boss," Tom alisema. "Niko nayo hapa mbele yangu. Kitufe nakiona kabisa, cha kijani."

"Basi nibonyezee."

"Aa, hapana. Lazima ibonyezwe na aliyefungua. Usalama, si unajua. Tafuta skrini kubwa."

"Nikitafuta skrini kubwa, ombi haliwezi kufunguka huko."

"Eeh, hapo ni kweli," alisema Tom, na wakaagana kwa heshima.

Kwa hiyo Penina alimwita shemeji yake, Mwandawiro, kaka mkubwa wa marehemu mumewe. Kwa Wadawida, yaani Wataita, hasira iliyokaa moyoni mwa mtu inaweza kumfungia njia mwingine, hata akiwa mbali. Huondolewa kwa kutasa: mtu hujaza kinywa kinywaji, akakipuliza nje kwa matone huku akisema maneno ya kuupoza moyo. Zamani walitumia pombe ya miwa. Mwandawiro alikuwa mzee wa kanisa, kwa hiyo alikuja na juisi ya miwa ndani ya chupa ya soda.

Alisimama mlangoni mwa saiba akauliza kama inavyotakiwa kuulizwa: "Ni nani hapa aliyekasirika?"

Musyimi akakinyooshea kidole kipakatalishi. "Ni hiki, mzee. Kimenuna wiki nzima."

Penina aliinamia kikapu chake. Siku Wakio alipoondoka walikuwa wamegombana, kwa sababu Penina hakutaka aende. Wakio alisimama mlangoni na begi begani akingoja mama yake amtasie, kama mtoto yeyote anayekwenda safari. Penina aliendelea kusuka bila kuinua uso. Wakio alingoja, kisha akaenda. Hayo Mwandawiro hakuyajua, na hapo saibani hakuna aliyeyasema. Mzee alijaza juisi kinywani, akaigeukia mashine, akaipuliza yote kwenye skrini.

"Mzee! Kibodi hiyo!" Musyimi alilia.

"Tulia, kijana. Nyinyi Wakamba mna vibuyu vyenu vya uganga, sisi tuna vinywa vyetu." Akapuliza tena. "Kama humu mna moyo wenye uchungu, upoe. Ulichokificha ukitoe. Njia ya mtoto ifunguke."

Kidirisha kikatoka. Kiliteremka chini ya ukingo wa skrini kama ulimi wa ng'ombe anayelamba chumvi, kikapita juu ya kibodi, kikafika mapajani mwa Penina, kikaendelea mpaka sakafuni. Kilikuwa chembamba kama bati na chenye uvuguvugu. Masharti yalikuwa juu yake, mstari chini ya mstari. Kilipita mlangoni. Mwenye kinu alinyanyua ndoo zake mbili kukipisha, akaziweka tena. Kikavuka uwanja, kikapanuka kadiri ya barabara ya gari moja, kikashika njia ya Maungu.

"Sasa ni dirisha," alisema Mwandawiro, na akapangusa midomo.

Musyimi akaushusha mshale kwa kipanya ili aone kama utafika chini. Ulipofika ukingoni haukusimama. Ulianguka sakafuni na kutoa mlio wa fyekeo lililoangushwa. Ulikuwa mweupe, umezungukwa na mstari mweusi, urefu wa mpini wa jembe. Penina aliuinua akaupima mkononi.

"Si mzito," alisema.

"Unakwenda wapi nao, mama?"

"Kwenye kitufe."

Walijaribu kwanza kwa pikipiki. Lakini mshale ukikimbizwa hupotea. Kijana aliyempakia Penina alipofika darajani aligundua mama hana kitu begani, na Musyimi akaukuta umerudi juu ya skrini, pembeni kushoto. Tena ukitolewa nje ya dirisha, hata kwa hatua, hurudi. Ilibidi ubebwe taratibu, na anayeubeba akanyage juu ya dirisha lenyewe. Musyimi naye hakuweza kuondoka. Kipakatalishi kikikaa bila kuguswa hulala, na kikilala dirisha lingejikunja na mama juu yake. Alifunga mlango kwa wateja, akavuta waya kutoka kwenye jenereta ya kinu, akaketi akikisogeza kipanya kidogo kulia, kidogo kushoto, kama mtu anayembembeleza mtoto.

Penina alijifunga leso, akatia chupa ya maji na kikapu chake katika mfuko, akauweka mshale begani. Mwandawiro alimsindikiza mpaka mwisho wa kijiji.

"Ukifika usibonyeze kwa hasira," alimwambia.

"Sina hasira, shemeji."

"Basi nenda salama."

Dirisha lilikwenda kando ya ua wa ranchi, juu ya udongo mwekundu, katikati ya miiba. Kwa sababu Penina alikuwa amesoma mpaka darasa la saba, alisoma alipokuwa akitembea. Mwombaji anakubali kwamba taarifa zote ni za kweli. Ofisi haitawajibika kwa ucheleweshaji wowote. Ucheleweshaji maana yake ni ucheleweshaji wa aina yoyote. Palipokuwa na vivuli, mbuzi walikuwa wamelala juu ya masharti kwa sababu ya uvuguvugu wake, na aliwasukuma kwa mguu ili apite. Wanawake wa shamba moja walikuwa wameshaanika kunde juu yake. Mmoja wao, aliyeolewa kutoka Makwasinyi, alisogeza kunde zake upande mmoja.

"Dirisha la nani hili?" aliuliza.

"La Wakio wangu."

"Ni zuri. Halina vumbi. Litakaa sana?"

"Mpaka nifike."

"Basi usikimbie, mama," alisema mwanamke yule kwa utani, halafu akauona uso wa Penina. Akaweka ungo chini, akamwongezea maji kwenye chupa bila kusema tena.

Ndovu walivuka mbele yake alipofika karibu na bwawa. Walilikagua dirisha kwa mikonga, kisha wakalivuka kwa kuinua miguu juu, mmoja baada ya mwingine, hata yule mdogo, kwa sababu ndovu hawapendi kukanyaga kitu kinacholia utupu chini yake. Penina alisimama mpaka wakamaliza.

Mara kwa mara mshale uligeuka begani. Ulikunjamana, ukawa chupa mbili ndogo zilizogusana midomo, na ndani yake mchanga ukitiririka, ile alama ya kompyuta ya kungoja. Hapo haukuwezekana kusogezwa hata kwa watu wawili. Penina aliketi kando yake, akatoa kikapu, akasuka mpaka mchanga uishe na mshale urudi kuwa mshale. Alilala Maungu kwa watu wa kanisa lake. Waliuegemeza mshale kwa uangalifu ndani ya mpaka wa dirisha, lililokuwa limepita kati ya vibanda viwili vya viazi vya kukaanga, na madereva wa malori walikuwa wameketi juu yake wakinywa chai.

Mmoja wa madereva alikuwa akisoma. "Hapa wanasema mfanyakazi ana haki ya kurudi nyumbani akiwa na heshima," alisema.

"Soma mstari unaofuata," alisema mwenzake.

"Isipokuwa pale ambapo." Dereva alisogeza kikombe chake. "Halafu inaendelea mpaka kule kwa fundi wa magurudumu."

Kutoka Maungu dirisha liliandamana na barabara kuu, katikati ya lami na reli. Jua lilikuwa limepanda, likimulika vilima vya Sagalla, wakati mshale ulipogeuka mchanga tena. Penina aliketi. Simu yake ikalia. Namba ilikuwa ndefu, ya ng'ambo.

"Mama Wakio? Ni Wayua. Yule wa kutoka Mutomo. Tulipanda ndege pamoja na Wakio, nikaja nyumbani kwenu kabla."

"Nakukumbuka, Wayua. Ulikula viazi vyote."

"Ndiyo, mama." Kisha alisema, "Mama, umekaa chini?"

"Nimekaa."

"Wakio ametuacha. Asubuhi. Yule dada wa jikoni wa nyumba ile ndiye amenipigia."

Lori lilipita. Penina alingoja lipite.

"Alikuwa peke yake?"

"Alikuwa peke yake. Lakini mama, alikuwa ameshajitayarisha. Begi lilikuwa limefungwa. Alikuwa amekaa kwenye ndoo, ameegemea mlango, na viatu vyake alikuwa amevaa."

"Vya rangi gani?"

"Vile vyeupe."

"Nilimnunulia mimi vile," alisema Penina. Alimshukuru Wayua, akamwambia naye ajitunze, ale, asikubali kufungiwa. Halafu simu ikakatika.

Mchanga ulikuwa bado haujaisha. Penina alifungua chupa, akajaza maji kinywani, akayashika muda mrefu mashavu yakiwa yamefura. Kisha akayapuliza mbele yake, juu ya dirisha, upande ambako Wakio alikwenda. Alisema maneno yote, tangu la kwanza hadi la mwisho, kama alivyopaswa kuyasema siku ile mlangoni. Maji yalikauka kabla hajamaliza kufuta kidevu. Mshale ulipokuwa mshale, aliubeba akaendelea kwenda Voi.

Huko Rukanga, Mwandawiro alikuwa ameshapata habari kwa jamaa. Alikwenda saibani akamkuta Musyimi macho mekundu, akisogeza kipanya.

"Unaweza kuacha sasa," alimwambia. "Mtoto hayupo tena."

Musyimi aliutazama mshale, kwa kuwa kwenye skrini ulionekana bado, nukta ndogo chini kabisa, kama siafu.

"Mama bado anatembea, mzee," alisema. Akaendelea kusogeza.

Dirisha liliingia Voi kwa upande wa mashamba ya mkonge, likapita nyuma ya soko, likaingia chini ya lango la ofisi moja yenye vioo. Mlinzi alitoka kibandani.

"Hiyo kitu umebeba ni nini, mama?"

"Mshale."

"Silaha haziingii."

"Si wa kurusha. Ni wa kubonyezea."

Mlinzi aliukagua, akagonga ncha yake kwa kifundo cha kidole. "Ukitoka utoke nayo," alisema, na akafungua.

Dirisha liliishia uani, mahali pa kuegesha magari. Pale palikuwa na vitufe viwili vilivyolala chini, kila kimoja kikubwa kama mkeka wa kulalia watu wawili. Cha kwanza kilikuwa cha kijivu na kiliandikwa GHAIRI. Cha pili kilikuwa cha kijani. Juu yake kulikuwa na gari.

Mlinzi alimwita Tom. Tom alishuka ngazi, kijana nadhifu mwenye kitambulisho shingoni. Alimsalimia Penina kwa adabu, akampokea mfuko, ila mshale hakuruhusiwa kuushika. Alipoambiwa kuhusu gari alisikitika.

"Ni langu," alisema. "Sikujua. Kutoka juu mtu anaona rangi ya kijani, anadhani ni mahali pa kuegesha."

Akaliondoa. Neno THIBITISHA lilikuwa na tone la oili juu yake. Tom alilipangusa kwa kitambaa, kisha akamwonyesha Penina kwa mkono, karibu.

Penina hakusogea. "Mtoto amefariki leo asubuhi," alisema.

"Yule wa ombi hili?"

"Huyohuyo."

Tom alivua miwani. "Pole sana, mama. Pole kabisa." Alizungumza kwa sauti ya chini, na alimaanisha. "Lakini basi hiki kitufe si chake tena. Hiki ni cha walio hai. Marehemu ana dirisha lake."

"Liko wapi?"

"Linafunguliwa palepale ulipoanzia. Rukanga."

"Na lile linatoshea kwenye laptopu ya Musyimi?"

"Kwangu linatoshea," alisema Tom.

Alimpeleka ghorofani akamwonyesha, kwa sababu hakutaka mama adhani anamdanganya. Ukuta mzima wa ofisi ulikuwa skrini. Dirisha la walio hai lilikaa pale lote, kuanzia kichwa hadi vitufe, na bado pembeni palibaki nafasi ya picha ya maua. Pale chini, karibu na kitufe cha kijani, mshale ulikuwa umelala jinsi Penina alivyouacha uani, mdogo, mweupe, ukingoja.

"Unaona? Halina shida," alisema Tom. "Tumelijaribu mara nyingi. Chai, mama?"

Penina alikunywa chai kwa sababu ni vibaya kuikataa. Kisha alishuka uani, akauinua mshale.

"Mama," Tom alimwita kutoka dirisha la ghorofani, "ukibonyeza hicho mfumo utadhani yuko hai."

"Pale juu mliandika kumrejesha nyumbani," alisema Penina. "Nimetembea nalo neno hilo tangu Rukanga. Hamkuandika lingine."

Akausimamisha mshale katikati ya kijani, akaukandamiza kwa mikono miwili. Kitufe kilibonyea kidogo, kama udongo uliomwagiwa maji, kikatoa mlio mwembamba. Dirisha likaanza kujikunja kutoka Voi. Lilijikunja kama mkeka kando ya barabara kuu, likawaacha madereva wa Maungu vikombe mkononi, likamwaga kunde, likawaamsha mbuzi, likaingia mlangoni mwa saiba na kumeza ukingo wake. Skrini ikaandika: Asante. Mfanyakazi atasafiri. Musyimi aliusoma ujumbe huo kwa sauti kwa ajili ya Mwandawiro, kisha akalala kifudifudi juu ya kibodi, punje ya mahindi ikachora shimo kwenye shavu lake.

Huko Ghuba mfumo ulitoa tiketi, na ofisi ya huko ikatimiza yote yaliyoagizwa. Kiti kilitengwa kwa jina la Wakio. Kiliruka kwa wakati wake. Mombasa abiria waliposhuka, karatasi zilionyesha kwamba aliyekuwa katika kiti hicho amesafiri na sharti afikishwe nyumbani, kwa hiyo mafundi walikifungua nati zake wakakipakia kwenye lori la mizigo. Kilifika Rukanga mchana, kimefungwa nailoni. Kibandiko kilisema: AMEREJESHWA.

Wakakiweka barazani. Kilikuwa cha bluu, na mto mdogo wa kichwa umekunjamana. Mkanda ulikuwa umefungwa. Ulikuwa umekazwa mpaka karibu mwisho, kwa kiuno chembamba sana, chembamba kuliko kile Wakio alichoondoka nacho. Penina aliutazama mkanda ule kwa muda mrefu. Watu walitaka kuufungua, akawakataza.

Majirani walikuja. Hawakujua kama wanakuja kwenye msiba au kwenye mapokezi, kwa hiyo kila mmoja alisema yote mawili, "Pole, mama Wakio," na kisha kwa kiti, "Karibu nyumbani." Walileta sukari na kuni. Mwandawiro aliketi mbele ya kiti akakisimulia habari za kijiji: ni nani ameoa, ndovu waliingia shamba gani, bomba la maji kutoka mlimani lilipasukia wapi. Hakuna aliyekikalia.

Mwili ulibaki Ghuba, katika friji. Musyimi alilifungua dirisha la marehemu, na lilifunguka vizuri. Liliandika kwamba mfanyakazi huyu amekwisha kurejeshwa nyumbani akiwa hai, na asiyekubaliana na taarifa hiyo abonyeze hapa chini. Hapo chini hapakuonekana. Walipiga simu Voi, na Tom alithibitisha kwamba kwake panaonekana. Mwandawiro alipuliza juisi. Dirisha lilitoka, safari hii likaupa Maungu kisogo, likazunguka mlima kwa upande wa Makwasinyi na kuingia nyika, na vijana waliotumwa na pikipiki kulifuata kwa pembeni walirudi petroli ilipowaishia, bila kuona vitufe. Wanawake wameanza kuanika mahindi juu yake. Watoto wa shule wanapita hapo kwa sababu halina matope. Miguu ya Penina ilikuwa bado imevimba, na alisema ataanza safari ikipona.

Jioni moja, akiwa ameinjika uji, alitoka barazani kukipangusa kiti vumbi. Alipangusa mikono ya kiti, mgongo wake, kisha akapitisha kiganja kwenye mto wa kukalia, chini ya mkanda uliofungwa. Mto ulikuwa umebonyea katikati. Palikuwa na joto, kama mahali mtu alipoinuka sasa hivi kwenda kuchota maji. Aliuacha mkono pale. Harufu ya uji unaoungua ilitoka jikoni, ikamfikia, ikampita, na hakuutoa mkono.